Baiskeli Zilifika, Ahadi Iko Njiani

Andiko la wiki: 2 Wakorintho 8:10–11 na 8:20–21. Soma pia Matendo 11:27–30, Luka 13:1–5 na Yakobo 1:27.

Wiki hii sitaanza na andiko, nitaanza na swali. Niliulizwa swali hili huko Mai Mahiu, wiki ya pili ya Januari, na shosho mmoja aliyekuwa amekalia ndoo iliyogeuzwa, akichambua maharagwe. Mimi na mama mmoja wa kamati tulikuwa tumempelekea pesa za muhula wa kwanza za wajukuu wake watatu. Alizihesabu, akazifunga kwenye leso, akatushukuru, akatuombea. Kisha akaniangalia, akasema, "Pasta, baiskeli zilifika. Tuliziona kwa macho. Sasa ile ahadi mlisoma pale mbele ya watu, bado iko njiani, ama ilirudi na lori?"

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Nimerudi na swali hilo Nairobi, nimelala nalo, nimeamka nalo. Leo nataka tulijibu pamoja kama kanisa, kwa sababu halikuwa langu peke yangu. Liliwahusu wote waliojaza kadi ya ahadi Agosti mwaka jana.

Tulikotoka

Wacha niwakumbushe. Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 29 Aprili 2024, maji yalishuka kwa ghafla upande wa Kamuchiri, Mai Mahiu, watu wakiwa wamelala. Yalibeba nyumba, magari, miti na watu. Mwanzoni wengi tulisikia kwamba bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, mfereji wa chini ya tuta ukiwa umeziba, hadi tuta likashindwa kuyazuia. Zaidi ya watu 40 walikufa mahali hapo pekee. Mvua za msimu ule ziliua zaidi ya watu 200 nchini kote, na tarehe 10 Mei taifa zima lilipewa siku ya mapumziko ya kuwaomboleza waliokufa na kupanda miti.

Kuna jambo moja ambalo halinitoki. Jumatatu ile ndiyo siku shule zilikuwa zifunguliwe kwa muhula wa pili. Kuna watoto walilala sare ikiwa imepigwa pasi na viatu vimepakwa rangi. Serikali iliahirisha ufunguzi kwa sababu ya mvua. Lakini kuna watoto ambao shule zilipofunguliwa kweli, hawakuwa na mzazi wa kuwaambia "vaa haraka utachelewa."

Wakati ule kuna watu walianza kusema maneno. Ati mahali pale pana dhambi fulani, ati Mungu ameongea. Mpendwa, kabla hujasema hivyo, soma Luka 13. Watu walimletea Yesu habari za msiba, naye mwenyewe akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Akauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko watu wengine wa Yerusalemu, akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kisha akawageuzia wasikilizaji: tubuni ninyi. Yaani msiba wa jirani hukupewa uwe hakimu wake. Umepewa ujiangalie. Kwa hiyo leo sitahubiri juu ya watu wa Mai Mahiu. Nitahubiri juu yetu.

Ile safari

Wazo la baiskeli lilitoka kwa vijana. Walisema, "Pasta, tumechoka na chakula cha jioni cha kuchangisha pesa. Wacha tuendeshe hadi huko, kila kilomita iwe na mtu anayeilipia." Nikaona ni wazo zuri. Nilisomea biashara chuo kikuu, kwa hiyo mimi ndiye niliyepewa hesabu.

Mnakumbuka asubuhi ile. Tulikuwa waendeshaji 31. Kulikuwa na baiskeli za gia na kulikuwa na blaki mamba za kubebea maziwa. Mzee mmoja wa kanisa alikuja na baiskeli ambayo breki ya nyuma ilikuwa imani tu. Tukaombewa langoni, tukatoka. Uthiru, Kinoo, Kikuyu, hadi Rironi, na mwili wako unakuambia wazi kwamba hiyo barabara yote ni kupanda. Pancha nne kabla ya Rironi. Fundi wetu, kijana ambaye kazi yake ni kuziba tyubu kando ya barabara, alifanya huduma kubwa siku ile kuliko mimi mwenye maikrofoni.

Halafu Rironi ukakata kushoto, na baada ya muda Bonde la Ufa likafunguka. Ule mteremko! Upande mmoja jabali, upande mwingine bonde, na malori ya kwenda Narok na Malaba yananguruma nyuma yako. Tulipita lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942, tukiimba. Hakuna aliyekanyaga pedali. Baiskeli zilijiendesha zenyewe. Kila mtu alikuwa bingwa.

Pale Mai Mahiu, saa ya baiskeli yangu ilisoma kilomita 50. Familia zilikuwa zimekuja, chifu akaja, na mzee mmoja akasoma jumla ya ahadi kwa sauti: shilingi 412,000. Watu wakapiga makofi. Mashosho wakapiga vigelegele. Tukapiga picha.

Na kurudi? Tulirudi na lori. Baiskeli zilifungwa nyuma, sisi tukakaa juu ya magunia. Hakuna aliyetaka kuupanda ule mlima. Mpendwa, shosho aliona hayo yote. Ndiyo maana akauliza kama ahadi nayo ilirudi na lori.

Kuahidi ni mteremko, kutimiza ni kupanda

Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu mchango wa watakatifu wa Yerusalemu waliokuwa na shida. Ukisoma sura ya 8 polepole, utaona kwamba Wakorintho hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wa kwanza kutaka. Mwaka mmoja ulikuwa umepita tangu waanze, na moyo wa kutaka ulikuwepo tele. Paulo anawaambia kwa upole, lakini bila kuzunguka: mlianza vizuri kwa kutaka, sasa malizeni kwa kutenda, kila mtu kwa kadiri ya alicho nacho.

Hebu fikiria. Kanisa lililojaa karama, linalonena kwa lugha, lenye unabii na uponyaji, linaandikiwa barua ya kukumbushwa ahadi ya mchango! Ina maana kwamba mtu anaweza kujazwa Roho Jumapili na awe na kadi ya ahadi isiyolipwa ndani ya Biblia yake. Hiyo haikuanza na sisi, lakini isiishie kwetu hivyo.

Kuahidi ni ile barabara ya kushuka Mai Mahiu. Kuna muziki, kuna watu, kuna jirani ameinua mkono na wewe unainua. Hukanyagi pedali. Kutimiza ni kupanda kutoka Mai Mahiu kurudi Rironi, peke yako, Jumanne mchana, hakuna anayekupigia makofi, na mwenye nyumba naye anapiga simu. Wahenga walisema ahadi ni deni. Hawakusema ahadi ni nia.

Sasa hesabu, maana mahali palipo na siri pana maneno. Paulo mwenyewe, katika mistari ya 20 na 21, anasema waliweka utaratibu ili mtu yeyote asiwalaumu juu ya mchango ule, akihakikisha mambo ni sawa mbele za Bwana na mbele za watu pia. Hakuibeba sadaka peke yake. Alimtuma Tito, na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa. Kama mtume hakubeba pesa peke yake, mimi ni nani?

Mpango ulikuwa hivi. Watoto 11, katika nyumba tano. Shilingi 65,500 za kuanzia, za vitanda, magodoro, blanketi na sare. Kisha shilingi 3,500 kwa kila mtoto kila muhula, kwa miaka mitatu, za chakula cha mchana shuleni, viatu, vitabu na michango midogo midogo. Hiyo ni 38,500 kwa muhula mmoja, mihula tisa, jumla 346,500. Ukijumlisha na zile za kuanzia, unapata 412,000 kamili. Hatukuchagua nambari hiyo kwa kubahatisha. Mliiahidi ninyi, sisi tukaikata ikatosha.

Kufikia mwisho wa Desemba tulikuwa tumepokea shilingi 151,000. Vitanda na magodoro vilinunuliwa. Muhula wa tatu wa mwaka jana umelipwa. Muhula wa kwanza wa mwaka huu umelipwa. Kilichobaki kwenye akaunti ni shilingi 8,500. Hazitoshi hata watoto watatu kwa muhula wa pili. Ahadi ambazo hazijalipwa ni shilingi 261,000.

Shuleni tulifundishwa kwamba pesa unayodai mtu unaweza kuiandika kitabuni kama mali yako. Lakini ikikaa sana, mhasibu mwaminifu anaanza kuihesabu kama iliyopotea. Sitaki kuzihesabu ahadi zenu hivyo. Naamini bado ziko njiani.

Fulana zililipwa

Kuna hesabu nyingine iliyonichoma zaidi, na nitaisema. Tulishona fulana za safari, shilingi 1,200 kila moja. Fulana 31, jumla 37,200. Zililipwa zote kabla ya siku ya safari. Hakuna hata moja iliyobaki na deni. Mgongoni tuliandika "Kwa Ajili ya Watoto wa Mai Mahiu."

Mnaona? Pesa ya kile kitu kitakachoonekana kwenye picha ilipatikana haraka. Pesa ya chakula cha mchana, ambacho hakuna atakayekipiga picha, inasuasua.

Na hapa, kanisa, lazima nijianze mwenyewe. Mimi ndiye niliyesimama madhabahuni Agosti nikatangaza kwa maikrofoni kwamba nitalipa shilingi 200 kwa kila kilomita. Kilomita 50, shilingi 10,000. Mlipiga makofi. Nililipa 2,000 wiki ile, nikajiambia nitamalizia mwisho wa mwezi. Septemba kukawa na jambo. Oktoba kukawa na jambo lingine. Desemba, mnajua Desemba. Shosho alipouliza lile swali, nilikuwa nimekaa mbele yake na jina langu liko kwenye orodha ya wasiolipa, na mimi ndiye ninayeitunza hiyo orodha.

Ndiyo maana nilicheka. Mtu akiguswa kwenye kidonda, wakati mwingine anacheka kwanza.

Bwana wetu alitufundisha katika Mathayo 6 kutoa kwa siri, bila kupiga tarumbeta, hata mkono mmoja usijue mwenzake umefanya nini. Mimi nilipiga tarumbeta kwanza, halafu sikutoa. Nimetubu. Nimelipa zile 8,000 Alhamisi iliyopita, na siziandiki hapa ili nisifiwe. Naziandika kwa sababu niliahidi hadharani, na si haki nitubu mafichoni.

Kwa nini shosho aliuliza

Nilidhani anauliza kwa sababu ya njaa. Nikamwambia, "Shosho, usiwe na wasiwasi, Mungu ni mwaminifu." Akaniambia, "Hiyo najua. Mimi nauliza juu yenu."

Kisha akanieleza. Ana wajukuu watatu. Mkubwa ni kijana wa darasa la saba, wengine wawili ni wadogo. Kuna mjomba, yuko mbali, kaunti nyingine, amesema anaweza kumchukua yule mkubwa. Mjomba ni mtu mzuri. Lakini wale wadogo hulala mkono wa kaka yao ukiwa juu yao, kila mmoja upande wake, tangu ule usiku. Mvua ikianza kugonga mabati, yeye ndiye anayewaambia ni mvua tu. Shosho akasema, "Kama ile pesa iko, nitakaa nao wote watatu. Kama haiko, mniambie mapema. Nisiwagawe kwa haraka. Nataka kujua kabla ya Aprili."

Kabla ya Aprili. Unaelewa ni kwa nini alichagua mwezi huo? Ni mwezi wa mvua, na ni mwezi wa kumbukumbu.

Mpendwa, kumbe shilingi 3,500 kwa muhula si za viatu peke yake. Ni ukuta unaowazuia ndugu watatu wasigawanywe. Ndiyo sababu kamati iliamua tangu mwanzo kwamba hatutajenga makao ya watoto yenye jina la kanisa letu langoni. Serikali yenyewe ina mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwarudisha watoto kutoka kwenye taasisi na kuwalea katika familia. Na kabla ya mkakati wowote, Mungu katika Torati alimwagiza mwenye shamba kwamba akisahau mganda asirudi kuuchukua, uwe wa mgeni, yatima na mjane. Yatima alikula akiwa kijijini kwake, katikati ya watu wake. Hakuondolewa ili apate kusaidiwa.

Yakobo naye, katika 1:27, anatupa kipimo cha dini isiyo na waa: kuwaangalia yatima na wajane katika shida yao. Kuangalia si kutazama mara moja na kupiga picha. Kumwangalia mtu ni kumrudia.

Waswahili husema yatima hadeki. Mtoto mwenye mama akinyimwa anagaragara chini, analia hadi jirani asikie. Yatima hana wa kumdekea. Usipotimiza ahadi yako, hatakuja kwako kulalamika. Atanyamaza, atazoea, na ataandika moyoni mwake kwamba watu wa Mungu huja na baiskeli na kuondoka na lori. Hilo ndilo linalonitisha.

Tufanye nini wiki hii

Katika Matendo 11 nabii Agabo alisema njaa inakuja, ikaja kweli siku za Kaisari Klaudio. Wanafunzi wa Antiokia hawakungoja kuwa matajiri. Kila mmoja alitoa kwa kadiri ya uwezo wake, wakaikabidhi kwa mikono ya Barnaba na Sauli, ikafika. Ahadi, utoaji, kufika. Hatua tatu. Sisi tumekwama kwenye ya kwanza.

Basi nakusihi hivi.

Kwanza, tafuta kadi yako. Kama imepotea, nitumie ujumbe, nitakuambia uliandika nini, na mimi peke yangu ndiye nitakayejua. Hakuna jina litakalosomwa kanisani. Hatukusanyi sadaka kwa kuaibisha watu.

Pili, kama uliahidi kilichozidi uwezo wako, sema ukweli. Kuna wengine kazi iliisha mwaka jana. Paulo anasema kutoa hupimwa kwa alicho nacho mtu, si kwa asicho nacho. Njoo tuandike upya. Afadhali ahadi ya 500 inayofika kuliko ya 5,000 iliyobaki hewani. Shosho anaweza kupanga maisha kwa nambari ndogo ya kweli. Hawezi kupanga kwa nambari kubwa ya uongo.

Tatu, fuata njia aliyowapa Paulo Wakorintho katika 1 Wakorintho 16:2, kila siku ya kwanza ya juma kuweka kitu kando. Haba na haba hujaza kibaba. Uliyeahidi 5,000, weka 500 kila wiki kwenye nambari ya kanisa kwa M-Pesa, andika neno "Watoto". Wiki kumi umemaliza, kabla ya Aprili kuisha.

Nne, uliyelipa yote, Mungu akubariki. Usituangalie vibaya sisi wengine. Tuombee.

Nitaweka hesabu ya ahadi kwenye ukurasa huu kila mwisho wa mwezi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Picha za watoto hazitakuwepo, wala majina yao. Wamepoteza vya kutosha, wasipoteze na faragha. Na Jumamosi ya mwisho wa Machi nitarudi Mai Mahiu kumpa shosho jibu lake. Nitaenda kwa baiskeli. Na safari hii, Mungu akinipa pumzi, nitapanda ule mlima kurudi. Anayetaka kuja, aje. Hakutakuwa na fulana.

Tuombe. Baba, tusamehe kwa maneno tuliyoyasema kwa wepesi mbele zako na mbele ya watoto wako. Wewe ulituahidi Mwokozi, na ukamleta. Tufundishe kufanana nawe katika hilo. Uwakumbuke wale 11, na wote waliopoteza wazazi katika mvua zile, wale tunaowajua na wale tusiowajua. Uwape walezi wao nguvu ya leo na ya kesho. Na ahadi iliyo njiani, Bwana, uifikishe. Kwa jina la Yesu. Amina.